Manifodi ya eksozi ya Land Rover Td5: nisawazishe ya zamani, ninunue mpya, au nitengenezewe ya mabomba?

Mwanzisha mada
Ndugu wanajukwaa, nina Defender ya mwaka 2002 yenye injini ya Td5. Ikiwashwa asubuhi hutoa mlio wa tik-tik-tik upande wa manifodi ya eksozi (kipande cha chuma kinachokusanya moshi kutoka silinda zote), na mlio huo hufifia injini ikishapata moto. Nimekuta masizi yametapakaa kwenye hedi (kichwa cha injini) jirani na silinda ya tano, na stadi mbili za mwisho (skrubu zinazoishikilia manifodi kwenye hedi) zimekatika. Nimeshauriwa njia hizo tatu zilizo kwenye kichwa cha mada. Naomba maoni ya waliokwisha kulishughulikia tatizo hili.

Fundi, Arusha
Pole, ndugu. Wengi huzilaumu stadi, kumbe kosa ni la manifodi yenyewe. Chuma cha kusubu chenye urefu wa nusu mita, joto lake likipanda kwa nyuzi 500 za Selsiasi, hurefuka kwa takribani milimita 2.7, ilhali hedi ya alumini, kwa kuwa inapozwa na maji, hairefuki hata milimita 1. Manifodi ya asili ya Td5 ina mbavu za chuma zinazounganisha tundu moja na jingine, kwa hiyo hurefuka yote kama kipande kimoja, ikazisukuma stadi za pembeni hadi zikakatika, na baada ya kupoa na kupata moto mara nyingi hupinda. Ukifunga mpya yenye mbavu zilezile, tatizo litarudi. Kama ya zamani haina ufa, ipeleke karakana ya mashine ikatwe mbavu na kusawazishwa uso. Hiyo ndiyo njia ninayoiamini.

Mchangiaji, Nairobi
Naheshimu maoni ya fundi, lakini chuma kilichoungua kwa zaidi ya miaka 20 si cha kutegemea sana. Yangu ilisawazishwa vizuri, na baada ya miezi michache ikapasuka katikati ya tundu la tatu na la nne, nikalipia kazi ileile mara mbili. Sasa nimefunga mpya isiyo na mbavu. Hizo nazo zikaguliwe kwa rula ya chuma pale pale dukani, kwa sababu niliyopewa kwanza ilikuwa imepinda ingali ndani ya boksi.

Mchangiaji, Dodoma
Manifodi ya mabomba ya kuchomelea usiikimbilie. Turbo ya Td5 hubebwa na manifodi, na bomba jembamba likitikisika na uzito huo kwenye barabara za vumbi hupasuka penye maungio ya kuchomelea. Tena chuma kisichoshika kutu, ambacho mara nyingi ndicho cha mabomba hayo, hurefuka kuliko cha kusubu: kwa nusu mita na joto lilelile, hupita milimita 4.

Fundi, Arusha
Ndugu wa Nairobi ana hoja, ndiyo maana nilitaja ufa. Isuguliwe kwa brashi ya waya hadi ing'ae, ikaguliwe katikati ya matundu, kisha iwekwe rula na kupimwa mwanya kati ya rula na manifodi kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi). Mabaki ya stadi yachomelewe nati juu yake, yafunguliwe yangali ya moto. Usikubali yatobolewe kwa drili ya mkononi, kwani alumini huharibika upesi. Stadi zote zibadilishwe pamoja na gasketi, na nati zikazwe kuanzia katikati kwenda pembeni.

Mwanzisha mada
Ahsanteni sana. Nimeifungua leo na kuisugua: mwanya upande wa mwisho wa manifodi ni milimita 0.9, na upo ufa mwembamba kama unywele pembeni ya tundu la nne. Ninaagiza mpya isiyo na mbavu, na rula nitakwenda nayo dukani.