Niko Likasi, goti linauma: kesho niendelee na baiskeli hadi Fungurume au nipumzike?

Mwana_Katuba:
Habari za jioni jamani. Naandika nikiwa nimenyoosha mguu juu ya kiti, hapa Likasi, mtaa wa Kikula, kwa mjomba. Leo ilikuwa siku ya kwanza ya safari yangu ya Lubumbashi hadi Kolwezi, huku kwetu Kongo, kwa kinga (baiskeli, kwa ninyi wa mbali). Ni karibu kilomita 300, nikazigawa siku tatu: Likasi, Fungurume, Kolwezi.

Nilitoka Katuba, mtaa wangu wa Lubumbashi, giza halijaisha. Baridi ya mwezi wa saba mnaijua, vidole viligoma kushika breki. Jua lilipotoka upepo ukawa mgongoni, nikajiona bingwa. Nilipishana na vijana wa makala (makaa) wanaoshuka Lubumbashi, magunia yamewapita kichwa. Kila mlima wanateremka na kusukuma taratibu. Mmoja akaniita, "Papa, shuka!" Nikampungia mkono tu. Mtu mwenye gia 21 ashuke kwa nini?

Baada ya Lwisha mambo yakageuka. Malori ya shaba yanakuja mbele, mengine yananipita nyuma, na likikupita upepo wake unakusukuma kwanza kwenye changarawe, halafu unakuvuta kuelekea lori. Nikaweka gia nzito nikakanyaga kwa nguvu, nimalize haraka. Hapo ndipo goti la kulia lilipoanza, upande wa mbele, chini ya pia. Kando ya njia nyasi zilikuwa zinaungua, moshi kooni, na lita zangu mbili za maji zilikwisha mapema. Niliingia Likasi jua linazama. Mke wa mjomba ananiambia bukari (ugali) niliyokula ilikuwa ya watu watatu.

Goti halijavimba. Kutembea naweza, ngazi ndiyo shida. Mzigo ni kama kilo 18, wote nyuma. Ni kiti, ni gia, au ni miaka yangu 41? Na tafadhali msiniambie nipande basi, kazini nimeshamwambia kila mtu.

Kamalondo_Tu:
Panda basi.

Fundi_wa_Kenya:
Yaya (kaka mkubwa), pole na njia. Goti likiuma mbele, mara nyingi ni kiti kiko chini au gia nzito, na naona wewe umejikusanyia vyote. Pima sasa hivi: egemea ukuta, kaa kwenye kiti, weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa. Mguu unyooke wote. Halafu ukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya wayo, goti litabaki limekunjika kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Kama limekunjika na kisigino kiko pale, inua kiti. Lakini nusu sentimita, jaribu, kisha nusu tena. Ukizidisha, maumivu yanahamia nyuma ya goti.

Gia iwe nyepesi, miguu izunguke haraka, hata mara 80 kwa dakika. Vyombo na maji viweke chini kwenye mifuko ya pembeni, si juu ya kerya.

Mwana_Katuba:
Nimepima. Goti limekunjika sana, aibu. Aliyeniuzia alisema kiti cha chini ndicho salama.

Fundi_wa_Kenya:
Salama kwa kusimama mbele ya duka lake.

Muuguzi_Panda:
Kaka, kama lingekuwa limevimba, lina joto, au linakwama ukilikunja, ningekuambia safari imekwisha. Kwa unavyoeleza, pumzika kesho. Barafu ndani ya kitambaa, dakika 15, mara kadhaa. Usimeze dawa ya maumivu ili upande baiskeli: itanyamazisha goti na wewe utaendelea kuliumiza.

Na lita mbili kwa siku nzima kwenye jua ni kidogo mno. Tengeneza mwenyewe: lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Kutoka hapa hadi Kolwezi ni machimbo njia nzima, kwa hiyo maji ya mito yaache. Kuchemsha kunaua vijidudu, madini ya sumu yanabaki palepale.

Mtoto_wa_Makala:
Papa yangu alileta makala Lubumbashi miaka mingi, na kinga ya gia moja. Mi sijue mambo ya sentimita, lakini ile njia njo najua. Mlima tunashuka. Ule anakanyaga na ule anasukuma banafika juu karibu pamoja, lakini moja tu njo iko na magoti ya kesho. Na lori mbili zikipishana pale uko, toka kwa lami mzima mzima, simama, ngoja zipite. Usibishane na lori.

Huyo kijana alikuita shuka hakukucheka, yaya. Aliona kiti yako.

Mzee_wa_Lualaba:
Hakuna aliyegusia kurudi. Upepo wa kiangazi unatoka kusini-mashariki, ndio uliokusukuma leo. Ukitoka Kolwezi utakupiga usoni hadi nyumbani. Kwenda nenda na kinga, kurudi ipakie juu ya basi, hapo Kamalondo_Tu ana haki. Kadi ya mchaguzi, ndiyo kitambulisho chako, weka mfuko wa mbele, kwenye barieri (vizuizi vya barabarani) usianze kufungua mizigo yote.

Mwana_Katuba:
Aksanti sana wote. Kiti nimekiinua sentimita moja, nimezunguka uwanja mara tatu, goti linanung'unika lakini si kama mchana. Kesho nabaki. Mke wa mjomba amefurahi, amepata mtu wa kumtwangia sombe (majani ya muhogo). Keshokutwa nikifika Fungurume nitaandika hapa. Kazini nitasema siku ya kupumzika ilikuwa kwenye mpango tangu mwanzo, na ninyi mtanyamaza.

Kamalondo_Tu:
Tunafanya kazi pamoja, papa.