Upasuaji wa pili wa kupunguza uzito: akubali au asubiri?

Swali: Mtu alikatwa tumbo likabaki kama mrija. Kilo zimerudi na kiungulia hakimwachi usiku. Daktari anapendekeza baipasi, yaani tumbo lifanywe kifuko kidogo kinachoungwa moja kwa moja na utumbo. Aangalie nini kabla ya kukubali?

Jibu 1: Sababu kwanza. Eksirei ya kumeza bariamu (kimiminika kinachoonekana kwenye picha) huonyesha kama mrija umetanuka au umebana katikati. Endoskopia, kamera ya kupitishwa kooni, huonyesha vidonda vya umio na henia (sehemu ya tumbo kupanda kifuani). Bila vipimo hivyo asisaini. Na wasimkate mrija uleule upya: ukiwa mwembamba zaidi, presha ya ndani hupanda na asidi hurudi juu. Baipasi huacha kifuko cha mililita 30 hivi, chenye asidi kidogo, na nyongo huungana na chakula mbali huko chini.

Jibu 2: Kwa kiungulia, baipasi nakubali. Ila kama shida ni kilo tu na mrija uko sawa, chunguzeni soda, juisi na aiskrimu. Hivyo hupita bila kushibisha, na hata baada ya baipasi mtu huzizoea kilo zikarudi. Hapo waulizie sindano za semaglutidi, dawa ya kupunguza hamu ya kula, kwanza.

Jibu 3: Makovu ya upasuaji wa kwanza huongeza hatari ya mshono kuvuja. Akisharuhusiwa, moyo ukipiga zaidi ya 120 kwa dakika akiwa ametulia, arudi hospitali saa hiyohiyo, hata bila homa. Sigara aache kabisa. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni azisahau, huleta vidonda pale kifuko kilipoungwa na utumbo. Vitamini B12 ni ya maisha; kalsiamu sitreti miligramu 1,200 hadi 1,500 kwa siku, isizidi 500 kwa mara moja, na isimezwe pamoja na vidonge vya madini ya chuma.