Auto-5 ya baba mkwe inanitwanga bega, nibadilishe springi?

Mwana wa Ziwani: Habari za jioni wakuu. Niko Minnesota, huu msimu wa tatu nawinda bata na baba mkwe. Juzi kanikabidhi shotigani yake, Browning Auto-5 geji 12 ya Ubelgiji, ilikaa darini miaka. Nimepiga risasi kama ishirini tu, bega limevimba, na ubao wa mbele umeanza ufa mwembamba kama unywele. Springi ndefu inayozunguka bomba la risasi ina kutu, na nikiibiringisha mezani inayumba. Niagize mpya?

Kitako Kigumu: Mkuu, weka pochi mfukoni kwanza. Kwenye hiyo bunduki mtutu mzima unarudi nyuma na bolti (kipande kinachoziba nyuma ya mtutu) kila ukipiga, springi peke yake haiuwezi. Breki ni ile pete ya shaba inayobana bomba. Vua ubao, utaje unachokiona kuanzia mbele.

Mwana wa Ziwani: Pete ya shaba, springi, halafu pete ya chuma huko nyuma kabisa, imeegemea mwili wa bunduki.

Kitako Kigumu: Basi ugonjwa tumeupata. Huo ni mpangilio wa risasi nyepesi, na wewe bila shaka unapiga nzito za bata. Kwa nzito, pete ya chuma inahamia mbele ya springi, upande wake uliochongwa mshazari uitazame ya shaba. Hapo ndipo inaikaba. (Auto-5 za Magnum, zile za risasi ndefu zaidi, zina mpangilio wake, usinakili huu.)

Bibi Shamba: Na bomba umelipaka mafuta?

Mwana wa Ziwani: Linateleza kama kambare, mama. Nilidhani ndiyo matunzo 😅

Bibi Shamba: Umepaka breki mafuta, mwanangu. Futa kwa kitambaa kikavu, ubaki utando tu wa kuzuia kutu.

Kitako Kigumu: Springi yenye kutu badilisha tu, hiyo unaiweza mwenyewe. Hakikisha chemba (pale risasi inapokaa kwenye mtutu) na bomba havina kitu, vaa miwani, usukume mtutu nyuma kidogo huku unafungua kifuniko cha bomba, maana springi inasukuma. Ila ile ya ndani ya kitako, inayorudisha bolti mbele, mpe fundi bunduki. Skrubu zake zina skrubu ndogo za kuzizuia zisilegee, na bisibisi ya kawaida itakula vichwa vyote. Nilishazila mimi.

Mzee wa Matete: Mbona hamjamuuliza anapiga marisau gani, yaani vile vipunje vya ndani ya risasi? Kama ni ya chuma, acha leo. Browning wenyewe wanakataza chuma kwenye mitutu ya Auto-5 ya Ubelgiji. Na usikimbilie ya madini ya risasi, kwa bata ni marufuku Marekani nzima tangu 1991. Tafuta ya bismathi, metali laini kuliko chuma.

Mwana wa Ziwani: Mzee, yalikuwa ya chuma. Nimekoma.

Mwana wa Ziwani: Mrejesho, wiki mbili baadaye. Ubao nimeutia gundi, springi mpya, pete ya chuma mbele, bomba kavu. Nimepiga kumi za bismathi, bega salama, maganda yanadondokea karibu na mguu wa kulia. Zamani niliyafuata kwenye matete. Baba mkwe kacheka sana. Bei ya pakiti moja ya bismathi ndiyo hakunitajia alipokuwa ananikabidhi bunduki.