Hawa wauza maelezo ya sheria ya data ni akina nani?

Mtoto wa Uyole: Wakuu, ofisini kwetu hapa Kabwe wamekuja jamaa wawili wanasema tukilipia watakuwa wanatutumia kila mabadiliko ya sheria ya taarifa binafsi, sasa watu wa hivi huwa mawakili kweli au ni vijana wa kompyuta wamevaa tai? Sisi tunakopesha, tuna kopi za vitambulisho mpaka za wadhamini.

Kyela Mchele: Wazuri huwa mchanganyiko mkuu, mwanasheria na mtu wa mifumo. Waulize hiyo sheria, yaani Sheria Na. 11 ya 2022, ilianza kutumika lini; jibu ni Mei 2023, wakijiumauma waage tu.

Bibi Mshauri: Ada ya kusajili ofisi yenu kama watunza taarifa za watu msiwape mkononi, hiyo ni ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Na fungieni hizo kopi kabatini, Mwanjelwa nishafungiwa maandazi na kopi ya NIDA ya mtu 😂