Rodeo ya tarehe 4 Julai: ndama naye anacheza?

Wakuu, salaam.

Nipo Phoenix, Arizona, Marekani. Julai huku joto linapita nyuzi 40, kwa hiyo wikiendi ya sikukuu ya Uhuru mwenye gari anakimbilia milimani. Safari hii wenzangu wa kazini walinibeba hadi Prescott, mwendo wa saa mbili hivi, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Rodeo ya pale, yaani mashindano ya makauboi ya kupanda mafahali na kukamata ndama kwa kamba, ilianza tarehe 4 Julai 1888 na wenyewe wanaiita kongwe kuliko zote duniani. (Pecos, Texas, nao wana madai yao ya 1883. Hilo wamalizane wenyewe.)

Sitawadanganya, nilifurahi. Fahali anachomoka kizimbani, mtu kashika kamba kwa mkono mmoja, ule mwingine ukigusa tu kaharibu, na anatakiwa akae sekunde 8. Alama ni 100: nusu za mpandaji, nusu za mnyama. Mzee aliyekaa kando yangu alijua majina ya mafahali kuliko ya vijana waliokuwa wanawapanda.

Ikaja zamu ya ndama. Anaachiwa akimbie, ana kilo mia na ushei, kauboi nyuma yake juu ya farasi. Kitanzi kikamnasa shingoni, farasi akafunga breki, kamba ikakaza. Ndama alirudi kinyumenyume, miguu juu, akatua kwa mgongo. Kishindo nilikisikia nilipokaa. Jamaa akaruka chini, akamwinua, akambwaga tena, akafunga miguu mitatu na kunyoosha mikono juu. Uwanja mzima vifijo. Mimi soda ilinishinda.

Hoja yangu: kupanda fahali kubaki, kukamata ndama kuondolewe. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1934 ya kukataza kuangusha kwa kamba, mbele ya watazamaji, fahali asiyefunzwa. Vancouver, Kanada, walizuia rodeo mwaka 2006. Karibuni mnipinge.

Mfugaji, Simanjiro: Mkuu, umekulia ghorofani? Huku ndama wa chanjo anakamatwa sikio na mkia, anabwagwa, vijana watatu juu yake. Sijawahi kuona mtu akisusa soda. Na hiyo kamba haikuanzia uwanjani. Malisho mapana, zizi hakuna, ndama ana kidonda, utamfikiaje? Hata neno rodeo ni la Kihispania, maana yake kuzunguka mifugo na kuikusanya. Sasa wewe unataka wabaki na sarakasi ya kupanda fahali, ambayo haina kazi yoyote bomani, halafu waitupe sehemu iliyo kazi kwelikweli. Ajabu hii.

Mleta mada: Hapo umenibana, nakiri. Ila wewe ukimbwaga ndama hakuna anayekupimia muda, na akivunjika hasara ni yako. Pale uwanjani anayelipwa ni mwenye haraka.

Mpemba: Kwetu tuna mchezo wa ng'ombe, wazee wanasema tumeachiwa na Wareno. Mtu anamchezea dume kwa kitambaa, watu wanaimba, na dume hauawi, anarudi kwa mwenyewe. Raha yote ni kwamba yeye ana pembe na wewe una miguu ya kukimbilia. Ndama ana nini?

Mdau, Houston: Mbona mnawalilia wanyama tu? Lane Frost, bingwa wa dunia wa kupanda fahali mwaka 1987, aliuawa na fahali huko Cheyenne, Wyoming, mwaka 1989, na fulana za kukinga kifua zilienea baada ya hapo. Jambo la pili: mchezo wa kumrukia dume na kumwangusha kwa pembe alianzisha mtu mweusi, Bill Pickett wa Texas. Tangu 1984 kuna rodeo ya weusi yenye jina lake. Kwenye filamu makauboi wote ni weupe. Kabla hamjafuta vipande vya huu mchezo, ulizeni ni historia ya nani mnayoifuta.

Daktari wa mifugo, Morogoro: Naondoa uzushi kwanza. Ule mkanda anaovishwa fahali ili arushe mateke hufungwa ubavuni mbele ya miguu ya nyuma, haubani korodani kama watu wanavyosambaza. Kwa ndama, nipo na mleta mada: michubuko inajificha chini ya ngozi, kwa hiyo kusimama na kutembea si ushahidi kwamba hajaumia. Lakini dawa ipo tayari. Wanawake wana shindano ambalo kamba hufungwa kwenye tandiko kwa uzi mwembamba. Ndama akifika mwisho wa kamba uzi unakatika, saa inasimama, anaendelea na safari yake. Hakuna kubwagwa. Ustadi wa kitanzi uko palepale.

Mfugaji, Simanjiro: Daktari, hilo la uzi nalikubali kwa shingo upande. Kurusha kitanzi ukiwa kwenye farasi anayekimbia si mchezo. Mleta mada, mwakani unarudi?

Mleta mada: Wenzangu wameshaanza kuulizia vyumba. Nitakwenda. Ndama wakiingizwa uwanjani natoka nje kutafuta mahindi ya kuchoma.

Mfugaji, Simanjiro: Na tiketi utakuwa umeshalipia na ndama ndani yake.