Sucre, Bolivia, kwa msafiri wa shanta: je, siku 4 ni nyingi mno?

Mwenye Shanta anauliza:

Ndugu zangu, salaam. Mwezi wa Julai nitaingia Bolivia kupitia Santa Cruz nikiwa na shanta moja mgongoni, na nia yangu ni kufika kwenye jangwa la chumvi la Uyuni kabla ya kuelekea La Paz. Katikati ya njia hiyo kuna Sucre, na kila ninayemuuliza kuhusu mji huo ananipa jibu lake. Wapo wanaosema ni mahali pa kufua nguo na kulipa deni la usingizi tu, na wapo waliopanga kulala siku mbili wakajikuta wamemaliza mwezi. Mimi nimeutengea siku 4. Naomba mnieleze, hasa mliokwenda kwa fedha kidogo na kulala katika hosteli za vitanda vya ghorofa, kuna nini hasa mjini humo, na je, nitangulie mji wa Potosí au Sucre? Habari za mwinuko zinanitia hofu, kwa kuwa sijawahi kufika juu ya mita 2,000.

Polepole anajibu:

Karibu, ndugu yangu. Nianze na mwinuko, kwa sababu ndio utakaopanga mengine yote. Santa Cruz iko mita 400 hivi juu ya usawa wa bahari, Sucre iko karibu na mita 2,800, Uyuni inazidi 3,600, na Potosí iko kwenye mita 4,000. Waliowahi kulala Horombo wakipanda Kilimanjaro, kwenye mita 3,720, wanaujua usiku ule ambao kichwa hugonga na usingizi hukatikakatika. Potosí iko juu kuliko hapo, na watu wanaishi, wanasoma na kubeba magunia humo. Tangulia Sucre, tena bila kusitasita. Siku ya kwanza tembea taratibu, kunywa maji mengi, na ukikaribishwa chai ya majani ya koka usiikatae. Mwili ukishazoea hapo, Potosí na Uyuni hazitakutesa sana.

Kuhusu nini cha kufanya, mimi naona mji huu unafahamika kwa saa zake. Saa nne asubuhi utaona watu wamesimama nje ya vibanda wakila salteña, ambayo ni kama sambusa nene ya kuokwa, yenye nyama au kuku, kiazi, na mchuzi mwingi wenye utamu kidogo. Mama mmoja aliyekuwa ameketi kando yangu aliniona nikiing'ata katikati, mchuzi ukanimwagikia hadi kwenye kiwiko, akanishika mkono na kunionyesha: isimamishe wima, toboa pembe ya juu kwa meno, nyonya mchuzi kwanza, ndipo ule. Usichelewe, kwa maana kufikia mchana huwa zimekwisha. Kisha nenda Mercado Central, yaani soko kuu, kwenye safu ya akina mama wanaouza sharubati. Ukimaliza bilauri yako usiondoke haraka. Muuzaji atakumiminia tena kilichobaki kwenye chombo, na hiyo huitwa yapa, yaani nyongeza ya mteja. Noti ndogo ndogo za boliviano ni za lazima huko, kwa sababu chenji ni adimu.

Adhuhuri maduka mengi hufungwa na watu hurudi nyumbani kula. Wageni wengi hulalamika. Mimi nilikaa Plaza 25 de Mayo, uwanja wa katikati ya mji, chini ya miti, na nadhani ndipo nilipoanza kuupenda mji. Jioni panda mtaa unaokwenda La Recoleta, kilimani. Unapumua kwa shida, lakini juu kuna baraza yenye matao, na kutoka hapo unaona mapaa ya vigae vyekundu na kuta nyeupe zikigeuka rangi ya asali jua linapozama.

Msoma Kuta anajibu:

Namuunga mkono Polepole, ila sikubali kwamba mtu aishie kwenye vyakula na mandhari. Weupe huo wa kuta una historia, na ukiujua utautazama mji kwa jicho jingine. Wahispania walijenga hapa mwishoni mwa miaka ya 1530 na wakapaita La Plata, yaani fedha. Mwaka 1545 madini ya fedha yalianza kuchimbwa katika Cerro Rico, mlima wa Potosí, na wenye migodi, ambao hawakuipenda baridi ya kule juu, walijenga nyumba zao, makanisa yao na mahakama yao huku chini kwenye hali ya hewa ya upole. Jasho lilimwagika Potosí, na nyua zenye matao zikajengwa Sucre. Kwa sababu hiyo naona ni kosa kuitembelea miji hii kana kwamba haihusiani. Ukifika Potosí, ingia Casa de la Moneda, palipokuwa kiwanda cha kutengenezea sarafu, na ukumbuke kwamba miongoni mwa waliofanyishwa kazi ya kutengeneza sarafu hizo walikuwamo Waafrika waliopelekwa huko utumwani. Mimi nilisimama mbele ya magurudumu makubwa ya mbao ya kubania fedha, yaliyokuwa yakizungushwa kwa nguvu za nyumbu, wale chotara wa punda na farasi, na sikuweza kuendelea na msafara kwa muda.

Sucre yenyewe, usiikose Casa de la Libertad, yaani Nyumba ya Uhuru, pale uwanjani. Ukumbi wake ulikuwa wa chuo kikuu kilichoanzishwa na Wajesuiti, shirika la watawa wa Kikatoliki, mwaka 1624, ambamo wanafunzi walitetea hoja zao za sheria, na ndimo tarehe 6 Agosti 1825 lilipotiwa saini tamko la uhuru wa Bolivia. Uasi wenyewe dhidi ya wakuu wa Kihispania ulizuka mjini humu tarehe 25 Mei 1809, na ndiyo asili ya jina la uwanja. Tena, nakuomba usimwambie mwenyeji kwamba mji mkuu ni La Paz. Serikali na bunge vilihamia huko baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1899, lakini kikatiba mji mkuu ni Sucre, mahakama ya juu ingali hapo, na jambo hilo bado linawauma watu. Makumbusho mengi hufungwa Jumatatu, basi panga siku zako vizuri.

Mtande anajibu:

Mimi ni mfumaji, na nilikwenda Sucre kwa ajili ya vitambaa tu. Karibu na La Recoleta kuna makumbusho ya sanaa za wenyeji, ambayo nilidhani nitayamaliza kwa saa moja, nikatoka yalipokuwa yanafungwa. Utaona aina mbili zikiwa zimewekwa jirani. Vitambaa vya Tarabuco, mji mdogo wa jirani, vina rangi nyingi na mistari iliyopangwa, na ndani yake kuna watu wanaolima, wanaocheza ngoma, wanaochunga wanyama. Vya Wajalq'a, jamii ya wenyeji wa milima ya huko, ni vyekundu na vyeusi tu, na humo wamejaa viumbe wa ajabu wanaoelea bila juu wala chini. Mmoja ana kichwa mkiani, mwingine amebeba mwenzake tumboni. Siku hiyo alikuwepo mama akifuma. Hakuwa na mchoro wowote wa kufuata. Alihesabu nyuzi za mtande kwa vidole, akazichagua mbili mbili kwa kipande cha mfupa kilichochongoka, na katika muda wote niliomtazama kitambaa hakikuongezeka hata upana wa kidole. Baada ya hapo sikuthubutu tena kuomba kupunguziwa bei.

Wengi watakushauri uende soko la Jumapili la Tarabuco, na si vibaya. Lakini ukiwa na miguu mizima, bora siku mbili za kutembea hadi bonde la Maragua, lenye umbo la bakuli kubwa na miamba ya rangi ya zambarau na kijani, ambako jamii za Wajalq'a zinaishi. Chukua mwongozo anayezungumza Kikechua, lugha ya wenyeji, na uombe ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha.

Abiria wa Usiku anajibu:

Nitaongeza moja tu. Acha siku ya akiba. Mimi nilikata tiketi ya basi la usiku kutoka Sucre, na alfajiri tukakuta barabara imefungwa kwa mawe na matairi; wenyeji huita bloqueo, na ni njia ya kawaida ya kudai haki huko. Kampuni ya basi ilitushusha bila kurudisha nauli. Tulivuka kizuizi kwa miguu tukiwa na mizigo, kwa muda wa karibu saa mbili, tukapanda gari jingine upande wa pili. Waandamanaji wenyewe walinipa mkate. Kabla ya kusafiri, uliza kituoni asubuhi ya siku hiyo.

Mwenye Shanta:

Nashukuru sana, nyote. Nimeondoa siku moja La Paz na kuipeleka Sucre, kwa hiyo ni 5. Mtande, je, Maragua usiku wa Julai kuna baridi kiasi gani?

Mtande:

Ni baridi kali, maana Julai ni katikati ya majira yao ya baridi. Mchana utatembea na shati, usiku utalala na kofia. Beba begi zuri la kulalia, au azima hosteli kabla ya kuondoka mjini.