Wiki ya tatu baada ya oparesheni ya kurekebisha, maumivu yananitisha

Tumaini_langu
Habari zenu wapendwa. Nilikeketwa nikiwa na miaka saba, wiki tatu zilizopita nimefanyiwa oparesheni ya kurekebisha, wametoa kovu wakakishusha kisimi kikatokeza nje. Nilijua nitaumwa ila sio hivi, kukaa ni upande upande, mkojo ukipita ni moto, jana nikachukua kioo nikaona pale pekundu panang'aa kama nyama mbichi, nililia nikajua nimeharibiwa upya. Na usiku nikishtuka na maumivu namwona yule bibi na wembe wake kabisa. Mume naye anauliza lini. Nifanyeje nipone vizuri?

Nesi_wa_zamu
Pole sana mdogo wangu, hujaharibiwa. Kisimi ni kirefu, sehemu kubwa iko ndani, na kwenye kisimi wanaokeketa huwa wanakata ile sehemu ya nje tu. Sasa hiki kilichotolewa ndani hakina ngozi yake bado, ndio maana kinang'aa hivyo na kinauma hata chupi ikigusa, kitajifunika taratibu, wiki kadhaa na kwa wengine miezi.

Ukikojoa jimwagie maji ya uvuguvugu hapohapo mkojo unapopita, ule moto unapungua sana. Kausha kwa kugusagusa, usisugue, na usipake spiriti wala dawa ya mtu yeyote ambayo daktari wako haijui. Nguo ya pamba isiyobana. Kunywa maji, kula matunda na mboga maana choo kigumu kinakufanya ukaze na kidonda kinavutwa. Dawa za maumivu meza kwa saa kama ulivyoandikiwa, usingoje yapande ndo umeze. Ila ukiona homa, usaha unaonuka, damu inalowesha pedi au mkojo umegoma, nenda siku hiyohiyo usilale nayo.

Mjuzi_kidogo
Naongezea. Daktari Pierre Foldès wa Ufaransa na wenzake walichapisha 2012 taarifa za wanawake 2,938 aliowafanyia, matatizo ya mwanzo kama damu kuvilia, nyuzi kuachia na homa yaliwapata asilimia 5. Wengi walisema maumivu yamepungua au angalau hayakuzidi, lakini waliorudi kukaguliwa baada ya mwaka ni 866 tu, so usiache kliniki hata ukijisikia vizuri.

Dada_mkubwa
Mdogo wangu mimi ni mwaka wa pili sasa. Hilo la usiku usilichukulie dogo, mwili unaumwa palepale ulipoumizwa utotoni, akili inarudi kulekule. Mimi niliambiwa vumilia tu, nikavumilia mwezi mzima silali, kumbe nilihitaji mtu wa kuongea naye, nilipompata mshauri nasaha ndo nikaanza kulala, na hata maumivu yenyewe nikaanza kuyaweza. Omba mshauri, ni haki yako kama dawa. Na kioo usikiache, angalia mara moja kwa wiki, mimi ndivyo nilivyoona wekundu unafifia pembeni kwanza kisha katikati.

Mume mwambie wazi daktari hajaruhusu, wengi tunaambiwa tungoje angalau wiki sita, na hata zikiisha kama wewe hauko tayari basi bado.

Tumaini_langu
Nimesoma yote nalia ila sio kama jana. Nimejaribu maji ya uvuguvugu, kweli moto umepungua. Kesho napiga kliniki niulizie mshauri, mume nimemsomesha jibu la dada mkubwa akanyamaza, halafu akaenda kunipashia maji mengine.